Nani Analipa Kumuosha Shosho? Vita vya Bili za Kanjo Uingereza

Kila mahali vijana wa huku wakikaa kulalamika kuhusu kutuma pesa nyumbani, lazima mmoja aseme: "Angalia Uingereza. Huko serikali inalea wazee bure, kijana anajenga maisha yake." Nimeisikia kwa matatu, nimeisikia kwa kinyozi, nimeisikia hata kwa kikao cha harusi ambapo mtu alikuwa anatafuta sababu ya kutochanga. Shida ni moja tu, si kweli. Na hadithi ya vile ilikuja kuwa si kweli ina korti, ina watu kwa viti vya magurudumu wakiishtaki serikali na kushinda, ina waziri mkuu aliyepoteza wingi wa bunge. Kaa hapo nikupee.

Kwanza tuelewane kuhusu kanjo. Ukisema kanjo Nairobi mtu anaona lori, askari wamesimama nyuma, na mama anakimbia na karai la mahindi. Uingereza pia wana kanjo, yaani mabaraza ya miji na ya kaunti, lakini moja ya kazi zao kubwa kabisa ni kuhudumia watu wazima ambao hawawezi kujifanyia mambo. Mzee aliyesahau majina ya watoto wake. Kijana mwenye ulemavu anayehitaji kuinuliwa kutoka kitandani. Mhudumu anakuja asubuhi, anamuosha, anamvalisha, anahakikisha amemeza dawa, anatoka mbio kwenda nyumba inayofuata. Wengi wenu mna mtu wa familia kwa hiyo kazi, sababu Februari 2022 Uingereza ilifungua viza ya wahudumu kwa watu wa nje, na mlango ukakaa wazi mpaka Julai 2025 walipoufunga tena. Binamu yangu aliingia kabla haujafungwa. Yeye ndiye aliniambia kuhusu mama mmoja mzee aliyekuwa akitazama saa ya ukutani kila akiingia na kila akitoka, anaandika dakika kwa kijitabu. Binamu alidhani anapelelezwa. Kumbe mama alikuwa anangoja bili ya kanjo ije ndio alinganishe.

Hiyo bili ndiyo nataka tufuate ilikotoka.

Turudi nyuma kabisa, 1601. Sheria ya maskini ya wakati wa Malkia Elizabeth wa kwanza ilisema kila parokia itunze maskini wake, lakini pia ilisema mtu akiwa maskini asiyejiweza, jamaa zake wa damu wabebe mzigo: wazazi, babu na nyanya, na watoto pia. Yaani ile kitu sisi tunaita blaki taksi, Waingereza walikuwa nayo kwa sheria iliyoandikwa. Ungeweza kupelekwa mbele ya hakimu kwa sababu hujamsaidia mamako. Halafu 1834 wakaikaza sheria zaidi. Mtu akitaka msaada aingie kwa nyumba ya kazi, jengo lililotengenezwa kimakusudi liwe baya kiasi kwamba mtu mwenye njia nyingine yoyote asitamani kuingia. Mume huku, mke kule, watoto mahali pengine. Wazee wengi walifia ndani. Hofu ya hizo nyumba ilibaki kwa Waingereza vizazi na vizazi, hata baada ya majengo kubadilishwa jina na kuwekwa chini ya mabaraza.

Sasa njoo 1948. Vita vya pili vimeisha, chama cha Labour kiko madarakani, waziri wa afya ni Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa kutoka Wales. Tarehe 5 Julai 1948 mambo mawili yalianza siku moja. La kwanza unalijua: ile huduma yao ya afya ya taifa, ambayo ukienda daktari au ukilazwa hospitali hulipi kitu mlangoni. La pili halina jina kubwa. Linaitwa Sheria ya Msaada wa Taifa, na sehemu yake ya kwanza kabisa inasema sheria ya maskini imekufa. Watoto wakaachiliwa pia. Kuanzia hapo mtu mzima hakuwa tena na deni la kisheria la kumlisha mzazi wake. Hapo ndipo ile sentensi ya matatu ina ukweli kidogo.

Lakini ndani ya hiyo sheria ya pili kulikuwa na kitu kingine. Mabaraza yalipewa kazi ya kutoa makao kwa watu ambao kwa sababu ya umri au unyonge walihitaji uangalizi wasioweza kuupata kwingine. Na kwa hayo makao, sheria ikasema, mtu alipishwe.

Bevan hakuficha. Kwake yeye kulipa ndiyo ilikuwa heshima. Alitaka mzee aishi kama mgeni wa hoteli: analipa, kwa hivyo ana haki ya kulalamika kuhusu supu. Nyumba ya kazi ilikuwa ya kuomba, hoteli ni ya kulipa. Kwa hivyo pensheni ikiwa shilingi 26 kwa wiki, mzee analipa baraza shilingi 21 na anabaki na 5 za mfukoni. (Ndio, shilingi. Ilikotoka hii yetu ni huko.) Mwenye nacho zaidi alipe zaidi, mpaka gharama kamili.

Wazo si baya ukiliangalia peke yake. Ubaya ni vile lilikaa karibu na lile lingine. Siku hiyo moja waliweka mpaka katikati ya mwili wa binadamu. Upande huu uko mgonjwa, na ni bure. Upande ule umezeeka tu au una ulemavu, na unalipa. Mguu ukivunjika ni wa hospitali. Mguu ukichoka ni wa kanjo. Kesi zote nitakazokuambia hapa chini, karibu kila moja, ni watu wakibishana huo mpaka unapita wapi.

Na hoteli yenyewe haikuja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanasosholojia Peter Townsend alizunguka Uingereza na Wales akitembelea makao 173, halafu 1962 akatoa kitabu, *The Last Refuge*. Alikuta wazee wengi sana bado wanalala kwa majengo yale yale ya nyumba za kazi, vitanda vimepangwa mstari, mtu hana hata kabati lake. Sasa tofauti na zamani ni kwamba walikuwa wanalipia.

Kwa miaka mingi ugomvi ulikuwa mdogo kwa sababu kulikuwa na njia ya kupenya. Hospitali zilikuwa na wodi za kukaa muda mrefu. Mzee mgonjwa sana angeweza kulala huko miaka, bure. Miaka ya 1980 serikali ya Margaret Thatcher ilianza kuona zile wodi ni ghali, na zikaanza kufungwa moja moja. Wakati huo huo pesa za ustawi za serikali kuu zilikuwa zinaruhusiwa kulipia makao ya watu binafsi, na matumizi yakapanda kutoka kama pauni milioni 10 mwaka 1979 hadi zaidi ya bilioni moja muongo ulipoisha. Biashara ya makao ikanona. Serikali ikashtuka, ikaandika sheria mpya 1990, na kuanzia Aprili 1993 ikaurusha mzigo wote kwa mabaraza: nyinyi pimeni nani anahitaji nini, nyinyi lipeni, na nyinyi mkusanye kutoka kwa mwenye nacho.

Fikiria hilo jambo polepole. Mwanamke yule yule, na ugonjwa ule ule wa kusahau, mahitaji yale yale ya kulishwa na kugeuzwa usiku. Mwaka 1978 yuko kwa wodi na halipi. Mwaka 1994 yuko kwa makao barabara ile ile na nyumba yake inauzwa. Sheria haijabadilisha alicho nacho mwilini. Imebadilisha kitanda.

Nyumba, ndio. Hapo ndipo Waingereza wanalia zaidi. Ukiingia makao ya kudumu, baraza linakagua mali yako, na nyumba yako inahesabiwa kama mali isipokuwa mwenzi wako au watu fulani bado wanaishi ndani. Kwa wale waliohudumiwa kwao nyumbani hesabu ilikuwa nyingine. Sheria ya 1983 ilisema baraza linaweza kutoza kiasi "kinachofaa", na mtu akionyesha hawezi, lipunguze. Neno "linaweza" lilikuwa na maana yake. Mabaraza mengine hayakutoza kitu, mengine yalitoza kama teksi. Barabara moja ikiwa mpaka wa mabaraza mawili, majirani wawili wenye mahitaji sawa wangeweza kupata bili tofauti kabisa.

Sasa kesi. Naanza na Sefton, karibu na Liverpool, kwa sababu hiyo ndiyo ya kikanjo kabisa. Sheria kuanzia 1996 ilisema mtu akiwa na chini ya pauni 16,000 baraza lianze kusaidia, na zile 10,000 za chini zisiguswe kabisa. Sefton walikuwa hawana pesa. Wakaamua kimpango wao kwamba hawatasaidia mtu mpaka abakishe pauni 1,500, kiasi cha kujizika. Unaelewa? Waliangalia akiba ya mzee, wakahesabu bei ya jeneza, wakasema hicho kingine leta. Shirika la kutetea wazee, Help the Aged, likawapeleka kortini, na 1997 Mahakama ya Rufaa ikasema hapana: baraza haliwezi kutumia ukosefu wake wa pesa kukataa kumuangalia mtu ambaye sheria imeshasema akiba yake isihesabiwe. Mwaka uliofuata bunge likaandika sheria fupi ya kulipigilia msumari hilo jambo.

Halafu Pamela Coughlan. Huyu nataka mkumbuke jina lake, sababu kwa ninavyoona hakuna mwanasiasa aliyegusa huo mpaka wa 1948 kwa nguvu kama yeye. Alipata ajali ya barabarani 1971 akapooza mikono na miguu. Alikaa hospitalini Exeter, kusini magharibi mwa Uingereza, miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 1993 mamlaka ya afya ilitaka kufunga hiyo hospitali ya zamani, ikamwomba yeye na wenzake wachache wahamie jengo jipya, Mardon House, na ikawaahidi kwamba hapo pangekuwa kwao maisha yao yote. Wakahama kwa hiyo ahadi. Miaka mitano baadaye mamlaka ile ile ikasema Mardon House ni ghali, inafungwa, na uuguzi wake wa kila siku ni kazi ya baraza sasa. Na kazi ikiwa ya baraza, mkumbuke, inakuja na ukaguzi wa mali na bili.

Akashtaki. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufaa ikampa ushindi mara mbili kwa hukumu moja. Kwanza, serikali ikimpa mtu ahadi ya wazi namna hiyo kuhusu nyumba yake, haiwezi kuivunja kwa sababu tu bajeti imebana. Hiyo sehemu wanafunzi wa sheria mpaka wa hapa kwetu huifundishwa. Pili, na hii ndiyo yetu leo, baraza linaweza kubeba uuguzi ule mdogo tu unaoambatana na makao, kile kitu ungetarajia mahali pa kuishi pawe nacho. Mahitaji ya mtu yakizidi hapo, hiyo ni afya, na afya ni bure. Na mahitaji ya Coughlan, korti ikasema, yalikuwa yamezidi mbali sana.

Familia nyingi zilizokuwa zimeuza nyumba zilianza kujiuliza: kama Coughlan ni wa upande wa afya, mama yetu aliyekuwa na hali mbaya kumliko alikuwa wa upande gani? Hilo swali bado linaleta malalamiko hadi leo, sababu kupimwa kama unastahili huduma ya bure ya afya ya muda mrefu kumebaki ni fomu ndefu, mkutano wa wataalamu, na jibu ambalo mara nyingi ni hapana. Walioshinda ni wale waliokuwa na mtoto msumbufu wa kuandika barua.

Kesi ya Stennett nitaipitia haraka ingawa iligusa watu wengi. Ukilazwa kwa lazima hospitali ya akili Uingereza, sheria ya 1983 inadai upewe huduma ukitoka. Mabaraza yalikuwa yanawatoza hao watu kwa makao waliyowekwa. Julai 2002 majaji wa juu kabisa, wakati huo wakikaa ndani ya Bunge la Malodi, wakasema huwezi kumfungia mtu kwa nguvu, umtoe, halafu umtumie bili ya kinachomzuia kurudi. Mwaka uliofuata ofisi inayosikiliza malalamiko dhidi ya mabaraza ikatoa ripoti maalum ya kuyaambia yawatafute waliotozwa kimakosa yawarudishie. Kanjo kurudisha pesa! Na riba juu. Hapo nilicheka peke yangu.

Hapa niseme kidogo kuhusu mimi. Mimi ni wale wa kampasi iliyoishia mwaka wa pili. Deni la karo lilikuwa linakaa kwa ukurasa wangu wa mwanafunzi na rangi nyekundu, na kila nikienda kuuliza limefikaje hapo, naelekezwa dirisha lingine. Kwa hivyo nikisoma kuhusu mtu aliyeshika karatasi ya bili na kuuliza "mmehesabuje hii?", siisomi kama mambo ya Wazungu. Nusu ya hizi kesi ni hilo swali tu, limeulizwa na mtu aliyekataa kuelekezwa dirisha lingine.

Norfolk ni mfano mzuri wa hesabu. Mwaka 2019 baraza la kaunti hiyo, mashariki mwa Uingereza, lilibadilisha vile linavyotoza watu wenye ulemavu wanaohudumiwa nyumbani. Lilipunguza kiasi ambacho mtu anaachiwa cha kuishi na likaanza kuhesabu sehemu kubwa zaidi ya ruzuku yake ya ulemavu kama mapato. Mwanamke kijana mwenye ugonjwa wa Down, ambaye korti ilimwita SH kumlinda, aliona bili yake ikiruka kutoka kama pauni 17 kwa wiki hadi zaidi ya 50. Hakuwahi kufanya kazi ya kulipwa na hangeweza. Mama yake akasimama naye, wakaenda kortini, na Desemba 2020 jaji akakubali kwamba ni ubaguzi. Sababu yake isome mara mbili. Sheria inasema mshahara usihesabiwe kwenye bili. Ruzuku inahesabiwa. Kwa hivyo mtu mwenye ulemavu mdogo anayeweza kupata kazi analindwa pesa zake nyingi, na yule mwenye ulemavu mkali, ambaye kila senti yake ni ruzuku, anatozwa karibu kwa kila kilichobaki. Waliomchaji zaidi ni yule aliyejiweza kidogo zaidi ya wote. Hakuna mtu aliyeketi ofisini akakusudia hivyo. Fomu ndiyo ilifanya.

Na Hammersmith na Fulham, magharibi mwa London. Pale huduma ya nyumbani ilikuwa bure. Kisha baraza likachukuliwa na Conservative, ambao walitaka kupunguza kodi ya baraza kwa asilimia 3, na pesa ya kujaza hilo shimo ikatafutwa kwa kuanza kutoza wanaohudumiwa nyumbani. Watu wenye ulemavu wakashtaki, na 2009 wakashindwa. Lakini mmoja wa majaji waliowapiga chini, Lord Justice Sedley, aliandika wazi kwamba hakufurahishwa: huduma ya bure ilikuwa imetolewa kafara kwa ajili ya punguzo la kodi ambalo hakuna sheria iliyolidai, ila tu hiyo haikuwa hoja iliyoletwa mbele yake. Watu wangu hawakwenda kulala. Walipanga, wakasumbua wagombea, baraza likabadilika kwa uchaguzi wa 2014, na Aprili 2015 hayo malipo yakafutwa. Kwa miaka kadhaa lilikuwa baraza pekee lote Uingereza lisilotoza huduma ya nyumbani. Ina maana mabaraza mengine yote pia yangeweza, sababu sheria mpya ya 2014 bado inatumia lile neno "linaweza". Yanasema pesa hakuna, na mengi yanasema ukweli, serikali kuu ilikata ruzuku zao vibaya baada ya 2010. Kwa hivyo usiwe mwepesi kumtukana karani wa kanjo. Yeye pia ameachiwa gunia na mtu aliye juu yake.

Vipi wanasiasa? Wakati ule ule wa Coughlan, Machi 1999, tume ya kifalme iliyoongozwa na Lord Sutherland ilipendekeza kitu rahisi: chakula na malazi mtu alipe, lakini kuoshwa, kuvalishwa na kulishwa kuwe bure kwa kodi ya wote. Serikali ya Tony Blair ikakataa kwa Uingereza yenyewe. Scotland, ambayo ndiyo tu imepata bunge lake, ikachukua. Kuanzia 1 Julai 2002 mzee wa miaka 65 na zaidi huko halipi kwa kuoshwa. Walio chini ya 65 waliongezwa Aprili 2019, baada ya kampeni ya mjane wa Frank Kopel, mchezaji wa Dundee United aliyeshikwa na ugonjwa wa kusahau kabla hajafika huo umri. Wales wakaenda njia ya katikati: kuanzia 2011 huduma ya nyumbani ikawekewa kikomo cha pauni 50 kwa wiki, ambacho kufikia 2020 kilikuwa 100. Ufalme mmoja, shosho mmoja, bili tatu.

Kwa Uingereza yenyewe imekuwa ahadi tu, kama barabara ya kwenu. Tume ya Andrew Dilnot 2011 ilisema mtu asilipe zaidi ya kama pauni 35,000 maisha yake yote. Sheria ya 2014 ikakubali wazo la kikomo, kikapangwa 72,000 kuanzia Aprili 2016. Kikaahirishwa, kikazikwa. Mei 2017 Theresa May akaweka kwenye manifesto kwamba hata wanaohudumiwa nyumbani nyumba zao zihesabiwe. Wapinzani wakaiita kodi ya kusahau, siku nne baadaye akageuka, na Juni akapoteza wingi wake bungeni. Boris Johnson 2021 akasema kikomo ni 86,000 kuanzia Oktoba 2023. Kikasogezwa hadi Oktoba 2025. Labour wakaingia, na Julai 2024 waziri wa fedha Rachel Reeves akakifuta kabisa.

Mpaka wa mali wenyewe umeganda. Ukiwa na zaidi ya pauni 23,250 unalipa gharama yote. Hiyo namba imekuwa hivyo tangu 2010, wakati bei ya kila kitu imepanda, kwa hivyo kila mwaka watu wengi zaidi wanaangukia upande wa kulipa bila mtu yeyote kupiga kura.

Kuna mtu ataniuliza sisi huku inatuhusu nini. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kupata matunzo na msaada wa kiasi kinachofaa kutoka kwa familia yake na Serikali. Familia *na* Serikali. Upande wa Serikali kwa sasa ni Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyefika miaka 70, zikija kwa wakati. Upande wa familia ni wewe. Hatujachora mstari wowote kati ya hao wawili kwa sababu bado hakuna cha kugawa, lakini tunazidi kuhamia miji, familia zinazidi kuwa ndogo, na makao ya wazee ya kulipia yameanza kufunguliwa Nairobi. Siku kaunti zetu zitaambiwa zihudumie wazee na kutoza, mtu ataketi aandike fomu. Mimi ningependa anayeiandika awe amesikia habari za Norfolk.

Binamu yangu bado yuko huko. Serikali yao imeunda tume nyingine, ya Louise Casey, na ripoti ya mwisho inatarajiwa 2028. Mkaaji wa makao ambaye baraza linamsaidia bado anaachiwa pesa ya mfukoni, zile shilingi 5 za Bevan. Mwaka 2024 zilikuwa pauni 30 na peni 15 kwa wiki, na kutoka humo ananunua nguo, viatu, kusukwa nywele, simu, na zawadi ya mjukuu.